Wengi walisikiliza gauni

Wadau habari za huko, leo mnivumilie maana sizungumzii singeli wala nani kamchana nani, naongelea albamu ya 2007 ya mwanamama wa Kiingereza ambaye hapa Mtwara nadhani wasikilizaji wake tukikusanywa wote tunaenea kwenye bajaji moja na nafasi ya mzigo inabaki. Anaitwa PJ Harvey, jina lenyewe Polly Jean, kazaliwa 1969, kakulia kijijini huko Dorset kusini mwa Uingereza, na albamu inaitwa White Chalk. Sikuhizi naipiga sana hapa kibandani. Mnaonijua mnakijua kibanda changu, napiga pasipoti saizi, natoa kopi, narusha nyimbo kwenye memori kadi na flashi (COSOTA, wale wa hakimiliki, mkipita hapa mnisamehe), sasa spika ziko mlangoni kwahiyo ninachosikiliza mimi anakisikiliza na yule anayesubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa, hana pa kukimbilia. Na kila anayeingia ana neno. Nikaanza kusoma wenzetu waliipokeaje ilipotoka, nikakuta ni maneno yale yale ya wateja wangu, tofauti wao walilipwa kuyaandika.

Historia fupi kwa wasiomjua. Huyu dada alianza kama mtu wa gitaa, gitaa la umeme, chafu, la kukwaruza. Dry ilitoka 1992, mwaka uliofuata ikaja Rid of Me aliyorekodi na Steve Albini, fundi sauti wa Kimarekani, na ile ukiisikiliza kwa hedfoni nakushauri kidole kisitoke kwenye kitufe cha sauti maana anaanza chini chini unajiongezea, alafu anapasuka ghafla unabaki unasikia ngiii masikioni mpaka jioni. 1995 akatoa To Bring You My Love, humo yumo prodyuza Flood na yumo John Parish, rafiki yake wa tangu bendi za ujanani, na hayo majina mawili myaweke akilini nitayarudia. Mwaka huo huo alipanda jukwaa la Glastonbury, lile tamasha kubwa la muziki la Uingereza, na ovaroli ya pinki ya kubana na wanja wa kufa mtu, picha zake mpaka leo zinazunguka. 2000 ikaja Stories from the City, Stories from the Sea, hiyo ndo ilimpa Mercury Prize, ile tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ayalandi, na alitangazwa mshindi tarehe 11 Septemba 2001, siku ile ile mnayoijua, yeye mwenyewe alikuwa hotelini Washington akashukuru kwa simu. Kisha 2004 Uh Huh Her, humo karibu vyombo vyote kapiga mwenyewe ukitoa ngoma. Kwahiyo mpaka hapo ukimuuliza shabiki PJ Harvey ni nani atakwambia gitaa na ile sauti nzito ya kifuani inayokusogelea usoni.

Basi 2007 inatoka White Chalk na lile gitaa la kuunguruma silisikii popote. Nyimbo 11, dakika kama 34 jumla. Piano imekaa mbele, pembeni kuna vinubi na zeze za kizungu zinakwanyua kwanyua, ngoma zinaingia kwa aibu na kutoka. Ila gitaa watu wangeweza kusamehe, ugomvi wenyewe ulikuwa kwenye sauti. Ile ya kifuani kaiacha yote. Kapanda juu kabisa kwenye sauti nyembamba ya kichwani, pale ambapo pumzi ni nyingi kuliko sauti yenyewe, kuna sehemu unasikia kabisa inataka kukatika na hawakuirekebisha, wameiacha hivyo hivyo iyumbe. Ukimpigia mtu Rid of Me na hii bila kumtajia jina atakubishia mpaka asubuhi kwamba hawa ni watu wawili.

Alafu kuna kava. Picha kapiga Maria Mochnacz, mtu wake wa siku nyingi. Giza nyuma, yeye kakaa, gauni jeupe la kizamani, mikono kaiweka mapajani, anakuangalia. Basi. Hacheki, hana huzuni ya kuonyesha, anakuangalia tu.

Sasa wachambuzi. Kwa ujumla waliisifia, tusidanganyane, siyo albamu iliyopondwa. Ila soma zile sifa zenyewe uone zinavyozunguka palepale: mzimu, jumba bovu, enzi za Malkia Victoria, mwanamke aliyefungiwa darini, riwaya za kutisha za karne ya 19. Wapo waliosema ni kazi nzuri sana ila hawajui kama watairudia kuisikiliza, yani ile sifa ya mgeni anayesema chakula kitamu alafu anasukuma sahani. Wapo waliosema nyimbo zinafanana na hazina pa kushika. Na mashabiki wa zamani, wale wa gitaa, wengi walikuwa na swali moja tu, atarudi lini. Wakati huohuo sokoni albamu ilifika namba 11 kwenye chati ya Uingereza, ile ya gitaa iliyotangulia mwaka 2004 iliishia namba 12, kwahiyo ukitaka kusema watu walimkimbia hesabu inakukatalia.

Nije kwa wateja wangu sasa.

Dogo mmoja wa bodaboda anayeegesha hapa nje ndo alikuwa wa kwanza. Kasikia wimbo wa ufunguzi, The Devil, kile kinanda kinavyogonga gonga bila kuchoka na ile sauti ya juu, akaingiza kichwa dirishani, "Bro huyu anaumwa?" Nikamwambia haumwi, kabadilisha staili. Akasikiliza kidogo tena. "Basi atakuwa Frimasoni." Hapo nikajua tutafika mbali maana jamani sisi Watanzania msanii akivaa nguo nyeusi kwenye video tu keshajiunga, akinunua gari keshajiunga, akifulia ndo kabisa walikuwa wanamdai. Huyu kavaa nyeupe lakini haikumsaidia. Nikamuuliza, wewe si wa Newala wewe, midimu hujawahi kuiona ikitoka? Zile sura za mti, mtu anatembea juu ya miti, watoto wanakimbia huku wanajua kabisa ndani yumo mjomba wao? Akanijibu "Ile mila bro, hii sasa huyu dada anatutisha bure." Nimelifikiria sana hilo jibu. Midimu inatoka msimu wake, jando limeisha, vijana wanarudi nyumbani, kila mtu anajua kwanini anatishwa na nani kamruhusu anayetisha. Msanii aliyekuwa anakuburudisha miaka 15 akija siku moja kukutisha bila taarifa, unaona kama kavunja makubaliano ambayo yeye hakuyasaini. Nadhani nusu ya hasira za mashabiki duniani kote ziko hapo, na hazina uhusiano na wimbo kuwa mbaya.

Wa pili mama mmoja anayeuza ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, huwa anapumzika kivulini kwangu mchana beseni likipungua. Kiingereza hajui na wala haombi kutafsiriwa. Ilipofika The Piano akasema taratibu, bila kuniangalia, "Huyo analilia mtu." Na ni kweli, ule wimbo una kipigo ndani yake tangu mstari wa kwanza kabisa, alafu mbele huko anarudia rudia kumwambia Mungu jinsi anavyomkumbuka mtu. Nikarudisha nyuma kidogo kwenye ule wa To Talk to You maana ule anaongea na bibi yake aliyeko kaburini, anatamani kuwa naye huko chini, nikasema hapa mama atasema kitu kikubwa. Ulipoanza akaniambia, "Mwanangu hebu punguza, wateja wanapita mbali." Basi nikapunguza.

Wa tatu ndo aliyenifanya niandike haya yote. Mwalimu mstaafu, mzee wetu wa Masasi, kapiga kinanda kanisani maisha yake yote na kafundisha kwaya zaidi ya moja. Alikuja kutoa kopi za vitambulisho, shikamoo mwalimu, marahaba, kakaa kwenye benchi, kaegemea mkongojo, kasikiliza kama nyimbo tatu hivi kimya. Alafu akasema, "Huyu hajui kupiga kinanda."

Nikataka kumtetea, akaninyooshea mkono. Akaanza kugonga kwenye meza yangu ya kioo kwa vidole, mkono wa kushoto peke yake. Angalia, anasema, mkono wa kushoto una mahali patatu tu pa kwenda. Anaenda hapa, hapa, anarudi hapa. Haongezi kitu. Mtu anayejua kinanda mkono wake haukubali kukaa hivyo, utaweka pambo, utapita kwenye kidole cha nne, utatafuta njia ndefu. Huyu anabonyeza anachokijua na anaogopa kutoka. Mwanafunzi huyu. Na alisema ile "mwanafunzi" kwa sauti ya mtu anayejaza ripoti ya mwisho wa muhula.

Mzee wa watu bila kusoma mahojiano hata moja kapatia. PJ Harvey mwenyewe alieleza wakati ule kwamba piano hakuwa mjuzi wake, na ndo sababu aliichagua, kwasababu ukianza chombo kutoka sifuri akili inafunguka, huna mazoea ya kukuburuza. Fikiria mtu kapiga gitaa tangu ujanani. Vidole vyake vina njia zake, akishika tu chombo tayari mkono umeshaenda kule ulikozoea kabla yeye hajaamua anataka kusema nini. Kwahiyo kakaa mbele ya kitu ambacho mikono yake haina historia nacho. Na kwenye uimbaji kafanya hivyo hivyo, kaenda juu kule ambako sauti yake haina misuli. Pande zote mbili kajiwekea pabovu makusudi.

Na hicho ndo kinachotisha kwenye White Chalk, mi kwa maoni yangu. Siyo mzimu. Unamsikia mtu mzima, mwenye tuzo, mwenye jina, anabonyeza kitufe na kusubiri aone kitatoka nini, anapapasa kama mtu anayetafuta kibiriti umeme umekatika na anajua kwenye ile meza kuna kisu. Anarudia palepale kwasababu akitoka hapo hajui kuna nini. Wewe msikilizaji bila kujua kwanini unaanza kubana pumzi naye.

Wachambuzi wapo waliotaja kwamba piano ilikuwa ngeni kwake, alishasema mwenyewe kwenye mahojiano hivyo wasingeweza kuacha, ila wengi walilitaja na kupita haraka warudi kwenye mzimu wao. Na mzimu wameutoa wapi? Kwenye kava. Wameona gauni jeupe la kizamani wakaanza kusikia gauni jeupe la kizamani. Mi naamini kabisa ile albamu ingetoka na picha ya yeye kavaa jinzi kasimama kituo cha mafuta, neno Victoria lisingeandikwa hata nusu ya lilivyoandikwa. Na yeye mavazi yake ndo yalivyo, kila albamu ana mtu wake, 1995 alikuwa na ovaroli ya pinki na hakuna aliyesema sasa kawa mwanamke wa pinki. (Sisi huku hiyo enzi ya Victoria yenyewe tunaijua kwa Livingstone tu, aliteremkia Mikindani 1866 kabla hajaingia bara na hakurudi tena kwao akiwa hai, pale Mikindani kuna nyumba ya mawe ina kibao chake, watalii wanapiga picha, sisi tunapita kwenda kununua samaki.)

Mfano mzuri wa jinsi gauni lilivyowapoteza watu ni When Under Ether, ambao ndo walioutoa kwanza kama singo. Ukisikia jina la wimbo, ether ile dawa ya kumlaza mgonjwa, unasema eeh mambo ya zamani, nusukaputi ya chupa. Sasa sikiliza maneno. Ni mwanamke kalala mezani, kapewa dawa, anaangalia dari, kuna mwanamke mwingine pembeni kamshika mkono, na kuna kitu kinaondoka ambacho hakikuzaliwa. Wengi wanauelewa kuwa ni kutoa mimba na mi pia nausikia hivyo. Hapo hakuna jumba bovu, hapo ni wodini, dari ya wodini unaijua, mimi naijua, taa ile ya tyubu moja inayopepesa. Na anaimba bila kulia. Angelia ningepata nafuu. Anahesabu anachokiona tu, dari, mkono, dari, na piano inaendelea na zile sehemu zake tatu za mwalimu. Nilishawahi kuuzima huo wimbo katikati nikiwa peke yangu kibandani usiku, siyo kwasababu ya mzimu wowote, ni kwasababu niliona aibu kama nimefungua mlango ambao sijabisha hodi.

Sasa kuna anayesema labda kaishiwa tu, hakuna makusudi yoyote hapo, watu wanambeba. Hii hoja inasemwa sana kwa msanii yeyote akibadilika, "kaisha." Ndo maana niliwaambia myaweke yale majina. Waliotengeneza White Chalk ni Flood, John Parish na PJ Harvey mwenyewe, timu ileile iliyotengeneza To Bring You My Love mwaka 1995, albamu yenye besi inayotikisa ukuta. Ngoma kapiga Jim White wa bendi ya Dirty Three kutoka Australia. Vinanda vya ziada yumo Eric Drew Feldman, Mmarekani aliyewahi kupiga na Captain Beefheart, mwanamuziki wa roki, huyo piano anaijua ndani nje. Wangetaka sehemu za piano zipigwe vizuri, aliyezijua alikuwepo chumbani hapo hapo. Wangetaka ile sauti inayoyumba inyooshwe, mashine zilikuwepo. Walikaa watu wazima na kazi zao wakakubaliana mwanafunzi apige na isiguswe. Mtu aliyeishiwa haachi ushahidi wa namna hiyo, anauficha, anaita wageni wa kushirikiana kila wimbo.

Nisiwe muongo lakini, albamu ina mapungufu. Karibu na mwisho kuna mahali panapwaya, Before Departure mpaka leo hainishiki, inapita kama haikuwepo. Na wale waliosema nyimbo zinafanana siwezi kuwapinga kwa nguvu, mtu akiwa na sehemu tatu za kwenda ndani ya nyimbo 11 lazima utakutana naye njiani mara nyingi. Ule wimbo wa mwisho The Mountain anamalizia na ukelele wa juu kabisa, wapo wanaouona ndo kilele, mi naona pale ndo sehemu pekee alipotaka kututisha kwa makusudi na ndo panaponitisha kidogo kuliko pote.

Mnaofuatilia muziki wa nje mtakuwa mmeshaanza kusema mbona Bob Dylan, yule mwimbaji wa Marekani, naye alibadilika. Ni kweli, 1965 kwenye tamasha la Newport kapanda na gitaa la umeme watu wakamzomea, 1966 Manchester mtu akamwita Yuda kabisa ukumbini. Ila Dylan aliongeza kelele. Ukiongeza kelele hata wanaokuchukia wanakusikia, na kuna vijana wapya watakuja kwasababu ya kelele. Huyu alipunguza. Kupunguza ndo kazi, maana msikilizaji anahisi kaporwa.

Huku kwetu mi namkumbuka Doctor Remmy Ongala. Mzaliwa wa Kongo, 1947, kaja Dar mwishoni mwa miaka ya sabini, bendi yake Super Matimila, wote mnajua. Remmy alikuwa na kitu cha ajabu, aliimba kifo watu wakacheza. Ule wimbo wake wa Kifo ukisikiliza maneno peke yake hutanyanyuka kitandani, lakini gitaa linazunguka tamu, watu wanafungua soda, wanacheza na mauti yao wenyewe mpaka saa nane usiku. Baadae miaka ya mwisho akaachana na dansi, akaingia Injili, mpaka anafariki Desemba 2010 alikuwa mtu wa Injili. Na maneno yalisemwa mtaani, mnakumbuka, kaokoka, basi tena, hatumpati. Lakini ukikaa ukamsikiliza Remmy wa dansi na Remmy wa Injili, aliyekuwa anaogopa kifo kwa kucheza na aliyekuja kukiongelea akiwa ameketi ni mtu huyo huyo. Sisi tulikuwa tumezoea gitaa tukadhani gitaa ndo yeye. Namlinganisha na PJ Harvey kwa hilo tu, mengine hawafanani hata kidogo. Rid of Me ina hofu ile ile ya White Chalk, sema pale alikuwa na kelele za kuifunika na sisi tukawa tunatikisa vichwa.

Yaliyofuata baadae yalifanya watu wengi waipe White Chalk heshima ambayo 2007 waliitoa kwa mashaka. 2011 katoa Let England Shake, kabadilisha tena, safari hii kashika otohapu, kale kachombo ka nyuzi unakakumbatia kifuani, na sauti ya juu kaibakiza lakini sasa anaitumia kuimbia vita, maiti za Gallipoli kwenye vita kuu ya kwanza, nchi yake na damu yake. Ikashinda Mercury, akawa mtu wa kwanza kuichukua mara mbili, na mpaka hapo aliyetaka gitaa la 1993 lirudi alikuwa keshachoka kusubiri au keshazeeka. 2016 The Hope Six Demolition Project ikashika namba moja Uingereza, mara yake ya kwanza. Na 2023 ikaja I Inside the Old Year Dying, imetokana na kitabu chake cha ushairi Orlam, kimeandikwa kwa lahaja ya zamani ya huko kwao Dorset, Waingereza wenyewe wamewekewa faharasa ya maneno ili waelewe. Hiyo kwangu ilikuwa raha ya aina yake, mara ya kwanza mimi na Mwingereza wa London tumeanza kusikiliza wimbo wa Kiingereza tukiwa wote hatuelewi.

Anayetaka kuanza White Chalk aanze na wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu, una gitaa kidogo la kukung'uta na harmonika, unapita kwenye vilima vya chaki vya kwao, ni mlango mpana. Kisha Silence. When Under Ether uiweke siku ambayo huna haraka na hujagombana na mtu. Asikilize bila kuangalia kava kama anaweza.

Mwalimu karudi juzi. Nikadhani kasahau, kumbe kaja na flashi. "Nirushie ule wa kwanza, wa yule mwanafunzi." Nikafurahi nikamwambia mwalimu naona umeanza kumpenda. Akasema hapana, anataka awapigie vijana wa kwaya wasikie mkono wa kushoto usivyotakiwa kuwa. Nikarusha. Akachomoa flashi, akaitia mfuko wa shati, akasita mlangoni. "Weka na ule wa yule wa hospitali," akasema, akanirudishia flashi. Hela hajanipa, na mwalimu huwezi kumdai.